Boksi Kavu

Uhakika aliliona doa kabla hajaiona mashine. Doa jeusi, pana kama mkeka, katikati ya uwanja wa kuuzia mchanga na kokoto. Juu yake kilisimama kikatapila kidogo cha kupakia, kizee, mikono miwili ya chuma pembeni na kijiko kikubwa mbele, kikidondosha oili tone kwa tone kutoka sehemu zisizopungua tatu. Majirani walikiita Machozi.

"Ewe riziki!" akasema Uhakika, akakata kona.

Jina alilopewa na wazazi tuliache, halijafanya kosa lolote. Mtaani aliitwa Uhakika kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni, ingawa katika maisha yake hakuwahi kuwa na uhakika na chochote. Spana alikuwa nazo, za kuazima. Pikapu alikuwa nayo, ya shemeji yake. Funguo alipewa na dada yake asubuhi ile, baada ya kuapa viapo vyote anavyovijua, na dada akamwambia waziwazi: "Saa kumi shemeji yako yuko hapa. Asipolikuta gari lake, au akilikuta na kasoro, godoro lako utalikuta nje. Nimechoka kukutetea." Na ndugu yetu huyu hakuwa na pengine pa kulitandika.

Mwenye uwanja alikuwa mama wa makamo aliyeketi mlangoni mwa kiofisi chake, mkono wa kulia umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mama Kokoto, ndivyo wateja walivyomwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mchanga au kokoto?"

"Nimekuja kwa ajili ya mgonjwa." Uhakika akaelekeza kidevu kwa Machozi. "Uvujaji wa haidroliki ndiyo fani yangu."

Mama Kokoto akamtazama kuanzia viatu, vilivyokuwa safi, hadi kucha, zilizokuwa safi zaidi. Akashusha pumzi.

"Kesho alfajiri malori ya mkandarasi yanakuja. Nisipoyapakia, anahamia kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, na mimi nafunga geti. Mafundi wawili wameshanikimbia. Utaweza?"

"Mama, adhuhuri ya leo utaweka boksi chini ya mashine hii na halitapata tone. Likipata tone, usinilipe. Uhakika!"

"Hata tone moja?"

"Hata la dawa. Ila niache peke yangu, ufundi una siri zake."

"Haya, mwanangu. Mimi najua nini?"

Msemo huo, ukitoka kwa mwanamke anayeendesha uwanja mzima wa kokoto, ungemshtua hata mlevi. Uhakika alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.

Siri yenyewe ilikuwa hii. Kwanza akachukua maji, sabuni ya unga na brashi, akakisugua Machozi mpaka rangi ya njano iliyosahaulika ikatokeza. Kisha akalala chini, akafungua nati ya tangi la haidroliki na kuimwaga oili yote kwenye madumu mawili. Akafunga. Basi! Mashine isiyo na oili itavuja nini? Madumu akayapakia kwenye pikapu, aliyoiegesha nyuma ya lundo la kokoto, akipiga mluzi, maana oili nayo ina wanunuzi. Halafu akarudi chini ya mashine, akajipaka masizi shavuni kwa heshima ya kazi, na saa nzima akagonga chuma kwa nyundo ili isikike kwamba fundi yupo.

Adhuhuri akatandika boksi. Wakalitazama pamoja kama watu walio msibani. Boksi kavu.

"Makubwa!" akasema Mama Kokoto. "Sasa niinulie kijiko kidogo nione."

"Usithubutu, mama! Sili za kuzuia oili ndani ndiyo kwanza zinashika. Ukiinua leo umeziua. Kesho alfajiri, uhakika."

Mama akaitikia kwa kichwa, akatoa bahasha, akamkabidhi kwa mkono wa kushoto na kumwombea baraka ndefu. Uhakika akaizamisha mfukoni, akatembea kuelekea kwenye pikapu kwa mwendo wa mtu asiyekimbia, na ilimgharimu sana kutokimbia.

"Fundi," sauti ikamfuata. "Na gari lako nalo lilikuwa linavuja."

"Ah, kidogo tu, mama. Uzee."

"Limenichafulia uwanja. Basi ulipokuwa unagonga, nikalitengeneza. Chungulia."

Uhakika akachungulia. Chini ya injini ya gari la shemeji yake palikuwa pametandikwa boksi. Kavu. Pembeni yake dumu la tatu, limejaa oili nyeusi ya injini. Akainua macho. Mama Kokoto alikuwa amefumbua kiganja cha kushoto, na katikati ya kiganja imelala nati ya sampu, ile inayozuia oili ya injini isimwagike.

"Nimetumia njia yako," akasema. "Nati moja tu, mkono mmoja unatosha. Washa basi, uende."

Maskini Uhakika! Akalitazama dumu, akaitazama nati.

"Mama... hili gari si langu."

"Na hiyo oili uliyopakia si yako. Sikia, baba. Miaka ishirini mashine hii nimeifungua na kuifunga mwenyewe. Nimeanguka bafuni nikavunjika mkono, ndiyo nikaanza kuwategemea nyie. Mafundi wawili walikula hela wakaondoka hata bila kuiosha. Wewe umeiosha, maana kwenye uchafu huwezi kuona panapovuja. Umemwaga oili, maana huwezi kufungua mpira wa kupitishia oili ikiwa imejaa. Nusu ya kazi umemaliza. Ningekuzuiaje, wakati ulikuwa unafanya vizuri hivyo?"

Akacheka mpaka plasta ikatikisika. "Saa ngapi unatakiwa kulirudisha?"

"Saa kumi."

"Basi lala chini."

Bahasha ilivuka barabara hadi duka la vipuri na kurudi ikiwa mpira mmoja wa haidroliki, sili za silinda, chujio na oringi za kuzibia viungo. Senti hazikubaki. Uhakika akaingia chini ya Machozi, safari hii masizi yakimfuata yenyewe bila kuitwa, na Mama Kokoto akachuchumaa pembeni akiamuru kama jenerali.

"Usiikaze hiyo kama unakamua jipu! Nati haijalegea, oringi ndiyo imekauka. Ifungue, weka mpya, paka oili kwanza!"

"Nimepaka!"

"Umeipaka pua yako. Rudia."

Wakainua kibanda cha dereva, wakakuta mpira uliosuguana na chuma mpaka ukachubuka. Wakatoa silinda. Sili ya zamani ilikatika mkononi kama biskuti, na Uhakika akapiga kelele, "Mama, huyu hapa! Mwizi ndiye huyu!" akiwa amesahau kabisa mwizi wa siku ile alikuwa nani.

Saa tisa na nusu oili iliyochujwa ikarudi tangini. Mama akawasha. Uhakika akanyoosha mkono kupapasa kiungo.

"Toa mkono! Oili ya shinikizo inatoboa ngozi. Boksi!"

Akalipitisha boksi kila kiungo, polepole, moyo juu. Mikono ya chuma ikapanda, ikapanda, ikasimama angani. Boksi kavu. Mama Kokoto akapiga kigelegele, Uhakika akamkumbatia upande usio na plasta, wakazunguka wakicheka kwenye vumbi la kokoto, na wateja wawili wakaahirisha kununua mchanga ili watazame.

Saa kumi kasorobo mama akarudisha nati ya sampu, akamimina oili ya injini mwenyewe. "Nenda. Na alfajiri njoo, sina mkono wa kulia."

Saa kumi kamili pikapu ikasimama nyumbani. Shemeji alikuwa mlangoni. Godoro lilikuwa limeshaegemezwa ukutani, nje, na dada yupo kando yake, macho mekundu.

Shemeji akalizunguka gari. Akainama, akachungulia chini ya injini, akangoja. Hakuna tone.

"Kavu?" akashangaa.

Neno hilo likamkumbusha Uhakika njia yake mwenyewe ya kukausha boksi. Akafungua boneti mbio, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya, akakitoa. Imejaa hadi alama. Yule mama alikuwa ameweka kipete kipya cha kuzibia kwenye nati na kuziba uvujaji kweli.

"Miaka mitatu linavuja," akasema shemeji. "Nani kalitengeneza?"

"Mama mmoja mwenye mkono mmoja."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Uhakika akatafuta uongo, na haki ya nani ulikuwepo mwingi. Akaitazama mikono yake, myeusi hadi viwiko, kucha hazionekani.

"Mimi nilikuwa mkono wake wa pili," akasema. "Na alfajiri ananihitaji tena."

Dada akaitazama mikono ile. Kisha akalibeba godoro, akalirudisha ndani.