Magunia ya Chini

Jumatatu, 3 Machi
Lori la unga wa samaki limefika kiwandani. Sheria yetu ya kutengeneza chakula cha paka: kabla ya kushusha mzigo, karani, yaani mimi, achote kiganja kimoja kutoka kila gunia, apeleke maabara. Dereva, mtu wa sauti nene, akaniuliza kama nataka alale hapa. Nikaogopa. Viganja vyote nimevichota gunia la juu. Maabara wakasema safi. Meneja akanisifu kwa wepesi. Aibu tupu.

Jumanne, 4 Machi
Magunia ya chini yana ukungu! Nimeyakuta matupu, unga umeshamiminwa kwenye mashine. Nikaenda kumwambia meneja. Nilipofika mlangoni nikaishia kumwomba stepla.
Lakini nina mpango. Shangazi, aliyenilea tangu utotoni, ana paka, Bwana Mkubwa. Nitampelekea pakiti moja ya chakula cha unga huo. Akila akabaki mzima, basi paka wote wa mjini wako salama. Hii ni sayansi.

Jumatano, 5 Machi
Bwana Mkubwa amekomba bakuli. Shangazi alilengwalengwa na machozi. Alisema wageni humletea yeye zawadi, paka wake hakumbukwi na mtu. Akaniombea dua ndefu. Nikatazama viatu vyangu.

Alhamisi, 6 Machi
Paka anatapika chini ya kitanda. Shangazi amekaa sakafuni na kitambaa, hajagusa hata chai.
"Mwanangu, wewe ndiye unayefanya kazi kule. Kile chakula kina nini?"
Nikasema labda amekula mjusi. Akaniomba radhi kwa kunishuku. Yeye, aniombe radhi mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari wa mifugo anasema huyu atapona kwa sababu ni mnene. Paka mdogo asingepona. Na pakiti zinapakiwa leo kwenda madukani! Kukiri siwezi. Nikafungulia maji ya zimamoto stoo, yakalowesha shehena nzima, kisha nikapiga kelele kwamba bomba limepasuka. Zote zimetupwa. Meneja akanisimamisha mbele ya wenzangu, akasema laiti wote wangekuwa na macho kama yangu. Wakapiga makofi. Nikalia. Wakadhani ni furaha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepandishwa cheo: mkuu wa sampuli. Bwana Mkubwa amesimama, anadai chakula. Nimeleta pakiti ya shehena mpya. Shangazi ameishika bila kuifungua, akaniuliza kama hii kweli ni salama.
"Wasiwasi wa nini, Shangazi? Nimepima mwenyewe, gunia kwa gunia."
Akafungua.
Kesho nitakwenda kupima.