Kuku Aliyenipita Ukutani

Jumatatu, 3 Juni

Sijawahi kumwambia mtu, hata dada: naogopa kwenda juu. Kipandio cha tatu tu cha ngazi, nafumba macho na kushuka. Na leo nimejitolea kuwa rubani katika filamu ya klabu yetu! Mwalimu kasema kwenye filamu za sayansi ya kubuni, anayepanda juu ndiye anayetamani makuu. Basi kila anayetaka urubani ajirekodi akipanda, alete Ijumaa. Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Kepteni, rubani wetu wa kila mwaka, akauliza kama nitapanda nimebebwa mgongoni. Darasa zima hoi kwa kicheko. Majibu makali yalinijia bafuni jioni, kwa lugha mbili.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaribu ngazi za nje za jengo letu. Hatua tano. Nikakaa, nikakumbatia chuma. Mama mwenye nyumba akauliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo. Akanisaidia kukitafuta nusu saa, maskini. Sikuwa na pa kutokea.

Jumatano, 5 Juni

Akili hii! Nimeazima ngazi ya fundi rangi, nikailaza chini uani, nikatambaa juu yake nikihema. Simu nikaiegemeza kiubavu. Kwenye picha, uwanja umekuwa ukuta na mimi napanda kama mwanaanga! Usingizi hauji. Najiona na kofia ya rubani.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu. Video ikaonyeshwa. Watu wamekodoa macho. Nikajua nimewaweza. Mara kuku wa jirani akatokea nyuma yangu, akitembea wima ukutani, bila haraka, akanipita, akasimama kudonoa, akaendelea kwenda juu. Kepteni alianguka toka kwenye kiti kwa kucheka. Mwalimu akafuta machozi, akasema hajaona anayetamani makuu kama huyo.

Kuku ndiye rubani. Mimi mlezi wake. Jumatatu tunarekodi juu ya tangi la maji la shule, kuku kapakatwa na mlezi. Kepteni akauliza, eti nitaweza? Nikamjibu mimi juu ndiko nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata dawa! Nyuma ya karakana ya shule kuna tangi bovu, limekaa chini kabisa. Nitarekodi hapo kesho, peke yangu na kuku, nimwambie mwalimu nimewahi kazi. Nani atajua? Inatakiwa mbingu tu nyuma yetu. Shuka jipya la dada ni bluu kweli kweli. Nimeshachora mawingu kumi na moja kwa rangi ya fundi, bado mw

Nyayo koridoni. Dada anauliza kwa sauti nani kaona shuka lake. Yuko mlangoni. Daftari chini ya god