Foleni Ihamishiwe Upande wa Kurudi

Ndugu Mhandisi Mkuu wa Barabara,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UPANDE WA BARABARA USIO NA FOLENI

Natumaini hujambo, na nyumbani kwako hawajambo. Mimi ni fundi vitasa, mlipa kodi, na baba wa kijana mmoja mwenye ndevu zake ambaye bado anaishi kwangu. Au tuseme alikwisha kuhama, maana hapo ndipo kwenye matatizo.

Mwezi huu nimemhamisha mara tatu, kumpeleka kwenye chumba alichopanga ng'ambo ya pili ya mji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upande wa kwenda umejaa foleni. Tunatoka asubuhi, godoro juu ya gari tumelifunga kwa kamba ya kuanikia nguo, mama yake kiti cha nyuma kakumbatia jiko la gesi, tunafika jua linazama. Safari moja trafiki alichungulia dirishani akauliza tunakwenda wapi. Kijana akajibu kwa unyonge, "Wananihamisha." Trafiki akanitazama kama mtu anayekwenda kutupa yatima.

2. Upande wa kurudi ni mweupe. Mara ya kwanza kijana alirudi kwa sababu jirani anakohoa. Mara ya pili akasema maji ya kule hayatoi povu. Mara ya tatu tulimshusha, tukapitia dukani kununua mkate, na tulipofika nyumbani tukamkuta sebuleni, miguu juu ya meza. Eti amesahau mto. Alipanda pikipiki.

3. Kwa hiyo mimi nikienda kumtoa naumia kiuno, yeye akirudi anateleza tu. Mipango gani hiyo?

Naomba basi foleni yote ihamishiwe upande wa kurudi. Magari yapo, ni kuyageuza tu. Ikishindikana, wekeni matuta kuanzia darajani hadi getini kwangu, ya kumkatisha tamaa mtu aliyepakata mto. Hilo nalo likishindikana, trafiki wamsimamishe kila mwenye ndevu anayeelekea kwa wazazi wake, aonyeshe kibali chenye muhuri wa baba. Muhuri nitauchonga mwenyewe.

Kwa upande wangu nimetimiza wajibu. Nimebadilisha kitasa cha mlango wa mbele, na kwa jinsi ninavyovijua vitasa, hiki hakina huruma.

Nisalimie wahandisi wenzako, madereva wa greda, na yule trafiki, umwambie kijana ana wazazi wote wawili.

Wako mtiifu, mwenye kiuno kibovu,

Fundi Vitasa

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika tulimpeleka tena mara ya nne, pamoja na mto wake. Safari hii hajarudi. Jumapili mbili zimepita, na akipigiwa simu anasema yuko salama, tena anacheka. Mama yake anasema kamba yake ya nguo imebaki kule, niifuate, na kweli nguo mbichi zimejaa kwenye viti. Nitaondoka kesho asubuhi, foleni au si foleni. Tafadhali upande wa kurudi msiuguse. Hata lile tuta la zamani karibu na geti langu, mkipata nafasi liondoeni. Na kuhusu kile kitasa kipya, nyumbani tumebaki wawili, lakini nimechonga funguo tatu.