Nilivyokaa Kushoto na Marehemu

Leo nimejiaibisha mbele ya maiti. Wenzangu, naandika kutoka intaneti kafe hapa mjini, viatu bado vina udongo wa kaburini, na naomba msome hadi mwisho kabla hamjanijibu.

Tumemzika Baba Mdogo, kule Mwika. Aliishi Bomang'ombe na mkewe, Mama Mdogo, tangu waoane. Mama Mdogo alitaka azikwe pale pale, nyuma ya nyumba yao, awe anamwona. Ukoo ukakataa. Baba Mkubwa, ambaye ndiye msemaji wetu, alifunga kikao kwa maneno machache: "Mtu wetu atalala Mwika, kihambani, kwenye ardhi ya baba yake." Mama Mdogo alilia tu. Nilimwonea huruma sana, nikanyamaza (mimi, ambaye kwa kawaida sifungi mdomo).

Baada ya misa hapa mjini nikapewa heshima ya kuendesha pikapu iliyobeba jeneza. Vijana wa ukoo walikaa nalo nyuma. Mbele tulikuwa watatu: mimi, Mama Mdogo katikati, na Baba Mkubwa dirishani, amefumba macho, anaongoza rozari. Msafara wa magari ukatufuata, taa za hazadi zinawakawaka.

Tukapanda hadi kipilefti, ule mzunguko wa barabara kuu. Kulia unakwenda Himo na Mwika. Kushoto unakwenda Bomang'ombe na Arusha. Leni ziko mbili. Sasa, mimi nilijifunzia gari kwenye shamba la miwa, ambako hakuna cha kuzunguka. Nilichojua kuhusu kipilefti ni jina lake, na jina lenyewe, kwa Kiingereza, linakuamuru ukae kushoto. Nikakaa kushoto. (Mimi nikiamriwa, natii.)

Kumbe anayekwenda kulia anatakiwa aingie leni ya ndani mapema. Nilipotaka kuendelea kuzunguka, ubavuni kwangu kulikuwa na lori lenye tela, refu, halina haraka. Nikapunguza mwendo, nalo likapunguza. Nyuma honi zikaanza. Nikatokea kushoto. Msafara mzima ukanifuata, maana nani atamwacha marehemu?

Vijana wakaanza kugonga bodi. Nikadhani wanasema twende. Nikaongeza moto.

Hapo Mama Mdogo akaacha kusali. Akatazama barabara, akanitazama mimi. Akaniwekea mkono begani, akasema taratibu, "Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Aisee. Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo.

Nilishindwa kumwambia. Nikaendelea na safari kama mwizi wa maiti, huku nikiitikia rozari kwa sauti kubwa kuliko wote, ili Baba Mkubwa asifumbue macho. Akafumbua. Akaimalizia Salamu Maria aliyokuwa ameianza, mpaka amina, kisha akauliza kwa upole wa kutisha:

"Hii ni barabara ya wapi?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa." (Sijui kwa nini. Nilishamwamkia asubuhi.)

"Nimekuuliza barabara."

"Ya Arusha, baba."

"Nani amekutuma?"

"Kipilefti, baba."

Tuligeuzia kwenye kituo cha mafuta, gari moja moja. Watu waliokuwa wamesimama kwa heshima tulipopita mara ya kwanza wakasimama tena, safari hii wakinong'onezana. Baba Mkubwa alinisema mpaka Himo, kisha akahamia Kichagga, ambako matusi yanaenea vizuri zaidi. Hayo niliyastahili. Kilichoniuma ni Mama Mdogo. Aliurudisha mkono wake mapajani. Nilikuwa nimempa mume wake, halafu nikamnyang'anya, kwa usukani tu.

Tulizika salama. Watu walipoanza kutawanyika, Mama Mdogo akanivuta pembeni, kwenye migomba.

"Niambie, mwanangu. Ulifanya makusudi?"

Alinitazama bila kupepesa. Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni, fupi na la kijinga.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilijaribu."

Akanikumbatia akalia, na mimi nikalia, na hapo sikuigiza.

Kwa hiyo nawaomba, jamani. Mkikutana na Baba Mkubwa, mimi sijui kuendesha gari. Mkikutana na Mama Mdogo, naendesha vizuri sana.