Bei ya Kidole Gumba

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika! Bima ya lile lori lililorudi nyuma na kunibana kwenye meza yangu ya kushonea, hapa mjini kwetu, kwenye komini, yaani wilaya, iitwayo Kenya, inaniita kupimwa. Daktari atatoa asilimia ya ulemavu. Asilimia ikipanda, fidia inapanda. Nikiikosa, karakana nafunga, maana kidole gumba changu cha kulia hakishiki tena mkasi. Germaine, mke wangu, anasema nionyeshe gumba tu. Gumba! Jirani yangu Ngosa, fundi wa suruali za ovyo, alilipwa kwa mguu. Mguu mzima! Nani atalipa vizuri kitu kifupi namna hii? Mimi nina mkwaruzo mguuni. Umeshakauka, lakini mguu ni mguu.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya kuchechemea, kutoka chumbani hadi bombani. Fimbo nimeazima. Ngosa ameniuliza mbona asubuhi niliumwa mguu wa kushoto na jioni wa kulia. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mama wa ajabu, huyu Daktari Mwenya! Nimeingia nikiugulia maumivu, gumba limefichwa mfukoni. Akapima goti langu kwa rula ya pembe, kisha akapima na lile zima, apate kulinganisha. Hata mimi sipimi kiuno cha bibi harusi kwa uangalifu ule. Akasema maumivu nayo hupewa alama, juu ya saba, yaani saba ndiyo ya mwisho. Nikaomba saba, niondoke na grande distinction, kama mwanafunzi aliyefaulu vizuri sana. Akaandika moja! Hata hesabu za shule ya msingi hazikuniaibisha hivyo. Ulemavu wa mguu: sifuri.

Kufunga shati nikashindwa. Akatazama. "Papa, ile kidole iko na nini? Juu ya nini unaificha?" Nikamwambia ni kitu kidogo, asijisumbue. Akanipa mkasi, ukaanguka. Ndipo akanieleza, bila kunicheka, kwamba mwili haupimwi kama nyama sokoni. Hupimwa kwa kile mtu asichoweza tena kufanya. Gumba la mkono wa kazi: asilimia kumi na tano. Maumivu: tatu juu ya saba. Na hasara ya kazi ya ufundi itahesabiwa kando. Akili ile! Nilitaka kumpigia makofi.

Ijumaa, 7 Machi

Bima imekubali! Kusaini ni Jumatatu. Germaine amenikumbusha mara nne kwamba yeye alisema. Mimi nimekaa na kalamu na karatasi. Gumba moja, kumi na tano. Vidole ninavyo kumi. Mungu ambariki yule daktari kwa kunifumbua macho.

Jumatatu, 10 Machi

Maneno ni yangu, mwandiko ni wa Germaine. Anaandika kwa hasira, karatasi inatoboka. Nimekwenda bima na bandeji kwenye vidole vyote kumi. Mado, karani, akanipa kalamu nisaini. Haikushikika. Akasema basi niweke alama ya gumba. Gumba lilikuwa ndani ya bandeji! Akampigia Daktari Mwenya, naye akashangaa: Alhamisi aliniacha na kidole kimoja kibovu. Ameagiza nipimwe upya, mwezi ujao. Hadi hapo hakuna fidia, na karakana imefungwa. Nampenda hata hivyo. Mtu makini kabisa.

Germaine analia. Nimemwambia atulie, kosa nimeshaliona: nilisahau vidole vya miguu.