Chapa ya Duara na Miguu Miwili

Jumatano, 9 Julai 2025

Abdub kanishinda tena! Saa mbili asubuhi katuma chapa mpya kundini, mistari mitatu na nukta, kutoka kwa mfugaji wa Merti. Makofi na stika zikamiminika. Mimi ndiyo kwanza nachemsha chai.

Nieleze, endapo daftari hili litaokotwa. Kundi letu la WhatsApp linaitwa Chapa za Ngamia na Upuzi Mwingine. Tuko watu mia mbili na kumi na wanne. Tunakusanya michoro ya chapa, zile alama ambazo kila ukoo huwachoma ngamia wake wajulikane. Tukichoka tunatumiana picha za ngamia wakipiga chafya. Faida? Hakuna. Ni raha tupu. Mimi, Esekon, natoa fotokopi mtaa wa Bulla Pesa, sina hata mbuzi, na nina chapa sitini na moja. Abdub, fundi cherehani, sasa anazo sitini na nne.

Leo Mama Nafiso, muuza maziwa ya ngamia aliyeanzisha kundi, katangaza: atakayeleta chapa isiyojulikana na mwanachama yeyote atakuwa msimamizi msaidizi. Nakitaka cheo hicho jamani! Nimeshindwa hata kumaliza mandazi.

Alhamisi, 10 Julai

Nimezunguka soko la mifugo kutwa. Chapa zote nilizoziona ninazo. Mzee mmoja kaniuliza kama mimi ni askari. Nikamwambia hapana, napenda chapa tu. Akaniuliza kama nyumbani wanajua.

Wazo limenijia nikirudi nyumbani, mtaa wa Kiwanjani. Chapa isiyojulikana na mtu ni ile ambayo haipo! Nimebuni thelathini nyuma ya karatasi zilizoharibika kazini. Nimechagua duara lenye miguu miwili. Nadhifu. Ya kuaminika. Kilichobaki ni ngamia tu, na jirani yangu Tadicha anaye mmoja, jike jeupe, hajachomwa chapa yoyote, jina lake Addi.

Ijumaa, 11 Julai

Tadicha alipokwenda sala ya Ijumaa nikaruka ua. Mkaa niliukataa, unafutika upesi. Nilichukua piko, ile rangi nyeusi wanayojipaka akina mama mikononi siku za harusi. Addi kanitemea mate mara mbili. Nikamchora pajani, nikampiga picha, nikatuma: wataalamu, hii ni ya nani?

Dakika kumi na moja simu ikaonyesha Abdub anaandika, anaacha, anaandika. Kisha kaandika: "Hii sijui. Wallahi sijui." Abdub hajui! Nimerukaruka mpaka kitanda kikavunjika mguu. Mama Nafiso kasema tungoje hadi Jumapili, huenda mtu akaitambua.

Tatizo dogo. Piko haitoki. Nimejaribu sabuni ya unga, mafuta ya taa, ndimu. Nimemfunika Addi gunia. Tadicha aliporudi kaniuliza gunia la nini. Nikasema upepo wa mwezi huu ni mbaya kwa ngamia weupe. Kanishukuru kwa ujirani mwema.

Jumamosi, 12 Julai

Balaa! Mtu kaitambua chapa. Hamdia, mwanachama wa upande wa Kinna, kasema ni chapa ya nyanya yake, Akko Qabale. Bibi huyo alikuwa na ngamia saba. Ukame ukaua sita. Wa saba alipotea. Jike jeupe!

Kundi zima linalia kwa furaha. Mama Nafiso kaandika kwamba miaka sita hatujawahi kufanya jambo la maana, na sasa tazama. Abdub kanipongeza kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Akko Qabale anakuja kesho kumchukua ngamia wake.

Nimefikiria kukimbilia Lodwar kwa shangazi. Kisha Hamdia kataja kwamba siku hizi bibi haoni vizuri. Nimepata matumaini, nimebaki.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Saa nne wakafika, Akko Qabale, Hamdia, na nusu ya kundi nyuma yao. Bibi sasa analima vitunguu Rapsu, kwa kuwa mifugo iliisha. Mkononi alikuwa na kamba mpya. Hamdia kasema bibi alisuka usiku kucha.

Niliumia. Kweli niliumia.

Tadicha kasimama mbele ya Addi na fimbo. Akaapa kwamba alikuwepo ngamia huyu alipozaliwa, na mama yake alipozaliwa. Watu wakamwambia chapa ndiyo shahidi. Gunia likavuliwa. Tadicha akaliona duara. Kisha akanitazama mimi. Nikatazama antena ya jirani.

Bibi hakuangalia kabisa. Alitia kiganja pajani pa Addi akapapasa. Chapa ni kovu la moto, husomwa kwa mkono, kila mtoto wa mfugaji anajua. Mimi ni mtoto wa fotokopi. Akapapasa tena, polepole. Kisha akanusa vidole vyake. Akasema jambo kwa Kiborana, na Hamdia akatafsiri: huyu si ngamia wangu, huyu ni bibi harusi.

Hakuna aliyecheka, maana yeye mwenyewe alikuwa anaikunja kamba yake. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema ni mimi, nikasimulia yote, hata habari ya kitanda. Tadicha kainua fimbo. Bibi kamzuia, akaniuliza duara lile nilionyeshwa na nani. Nikasema nimelitoa kichwani. Akauliza kama kichwani humo imo na chapa ya mama yake. Nikasema haimo. Basi akaketi chini akaichora mchangani kwa kidole.

Kisha ya mjomba wake. Kisha ya jirani mmoja ambayo ilifanana na kijiko, na mwenyewe alikuwa mlafi kweli. Hapo akacheka mpaka akashika mbavu, nasi sote tukacheka. Chapa kumi na moja! Mimi na Abdub tuligombania kalamu moja hadi ikavunjika. Sijapata Jumapili tamu hivi.

Jumatatu, 14 Julai

Hukumu. Msimamizi msaidizi ni Akko Qabale, Hamdia atamshikia simu. Mimi nimeondolewa kundini. Tadicha naye kaamua kwamba kila asubuhi nitampeleka Addi kunywa maji hadi piko ififie, na kila atakayeuliza nimweleze ukweli. Leo nimeeleza mara kumi na tisa. Wanne kati yao wamenichorea chapa za kwao. Sina pa kuzituma! Hii ndiyo adhabu hasa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimerudishwa! Akko Qabale mwenyewe ndiye aliyeniombea. Kanialika Rapsu, amekumbuka chapa tano zaidi. Nilifurahi mpaka nikaketi sakafuni. Nimeapa mbele ya kundi zima kwamba sitabuni chapa tena maisha yangu yote, na kiapo hicho nitakitimiza.

Jioni Abdub kaanza kutuma milio ya kengele za mbao, zile wanazofungwa ngamia shingoni. Anayo tisa tayari, mwenye majivuno yule. Nimepitia kiapo changu neno kwa neno. Kengele hazimo. Tena kengele haina ngozi ya kupapaswa!

Nimeazima kinu na miiko miwili, kesho narekodi. Wa kwanza kutumiwa atakuwa Akko Qabale. Hamdia anasema bibi haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima kabisa. Sidhani kama hilo lina shida.