Laini Mbili za Boaz

Jumatatu, 9 Juni. Mjini Sori.
Nina akili nyingi. Nasteha, mwenye saiba ng'ambo ya barabara, duka la intaneti kama langu, ana laini moja tu ya intaneti na bado wateja wanajaa kwake. Mimi nitakuwa na mbili. Tayari nina modemu. Jirani yangu Maroa, muuza dawa za mifugo, ana rauta inayowaka taa ya kijani kutwa nzima. Nimemwomba nivute waya hadi kwenye kompyuta yangu, nami nimchapishie karatasi zake bure. Amekubali papo hapo. Maskini, hajui anachotoa.

Jumanne, 10 Juni.
Ajabu. Kompyuta inasema imeunganishwa pande zote mbili, lakini ukiandika jina la tovuti, inasema haijulikani. Wateja wameondoka. Fundi Okari kaniambia kwa simu niandike namba za anwani badala ya jina. Ukurasa ukafunguka. Kumbe intaneti ipo, majina ndiyo yamepotea. Nikajua ni Nasteha.

Nimevuka kumkabili. Alicheka mpaka akashika meza. Eti kompyuta yenye njia mbili huchagua moja ya kuulizia anwani, na yangu huenda inauliza upande usiojua kitu. Eti nichomoe waya mmoja. Angependa sana.

Jumatano, 11 Juni.
Awino wa mtaa wetu amekuja. Kesho ana mahojiano ya kazi ya uuguzi, kwa video, na hospitali moja ya Homa Bay. Amesubiri nafasi hii tangu amalize chuo. Alikuwa anaelekea kwa Nasteha. Nikamwapia kwamba hapa ndipo penye kasi. Alipoondoka nikapangusa ncha za nyaya kwa spiriti. Nikazima, nikawasha. Nikaomba pia.

Alhamisi, 12 Juni.
Awino alifika na koti la kuazima. Skrini ikasema hakuna anwani kama hiyo. "Omera, ndugu yangu," Awino akaniambia, "nikikosa hii kazi, usinisalimie tena."

Nikakimbia ng'ambo. Ndiyo, mimi. Nasteha akaja na viatu vya ndani, akauliza ule waya unaenda wapi. Kwa Maroa, nikasema. Maroa mwenyewe akajibu kutoka dukani kwake kwamba kifurushi chake cha intaneti kiliisha tangu Pasaka, rauta huiwasha tu ili wezi wadhani kuna kamera. Kompyuta yangu ilikuwa inamwuliza yeye kila jina.

Nasteha akauchomoa waya. Majina yote yakarudi. Awino akatabasamu kwa wakubwa wa hospitali, mimi nikatoka nje nikacheza bila muziki.

Jumanne, 17 Juni.
Awino amepata kazi. Nasteha ameletewa kuku mzima. Mimi, soda, tena ya moto.

Nimetafakari sana. Laini mbili hazikuwa kosa. Zilikuwa chache. Kesho natoboa ukuta wa saluni ya Bonareri nipitishe waya mwingine. Sijamwuliza kama ana intaneti. Ukiuliza sana, watu hubadili nia.